Pete Mguuni mwa Ndege: Je, Ni Haki Kumkamata Kiumbe ili Kumjua?



Kila mwaka, mvua za kwanza zikiisha kulainisha mashamba ya Kazimia, na akina mama wakiwa wameinama kupanda mahindi na karanga, wageni hutufikia kutoka kaskazini. Hawaji kwa mtumbwi wala kwa motokari. Ni mbayuwayu, wale wenye mkia wa panda, warukao chini chini juu ya mihogo na kando ya ziwa wakikamata wadudu. Hukaa katika nchi zetu miezi ya mvua, kisha mwezi wa Machi na Aprili watoweka. Huko Ulaya walikotoka, miezi hiyo wanayokuwa kwetu ni miezi ya baridi kali. Mashamba yamelala, mdudu hapati kuonekana, na ndege alaye wadudu akibaki huko atakufa njaa.

Basi, wako watu duniani ambao kazi yao ni kuwakamata ndege wa namna hii, kuwavika mguuni pete ndogo ya madini yenye namba, kuwapima bawa na uzito, kuandika yote katika daftari, kisha kufungua mkono na kuwaacha waende zao. Hawawali. Hawawauzi. Hawawafungi katika tundu. Mtu wa kwetu akisikia habari hiyo aweza kucheka: kumbe, umemshika ndege, halafu umwachilie! Mwingine hacheki, bali huuliza kwa uchungu: nani amewapa ruhusa ya kumtia pingu kiumbe aliyezaliwa huru?

Swali hili laonekana dogo kama ndege mwenyewe. Lakini ndani yake mna jambo zito: mtu ana haki gani juu ya kiumbe kisichoweza kujibu ndiyo wala hapana? Na kujua, je, ni sababu ya kutosha ya kumtia hofu asiyekukosea? Tulitazame kwa utaratibu.

JINSI KAZI HII ILIVYOANZA

Kwa karne nyingi watu wa Ulaya hawakujua mbayuwayu wao huenda wapi. Waliwaona wakati wa joto wakijenga matope chini ya paa za nyumba, kisha siku moja hawapo. Wenye elimu walibuni majibu. Wengine walisema kwamba ndege hao huzama chini ya maziwa na kulala topeni mpaka baridi iishe. Hata mwaka 1555 Askofu Olaus Magnus wa Sweden aliandika kwamba wavuvi huwavuta katika nyavu zao pamoja na samaki. Mvuvi yeyote wa Kazimia angeweza kuwaambia kwamba wavu huleta ndagala na mgebuka, hauleti mbayuwayu. Lakini hakuna aliyekuja kumwuliza.

Mwaka 1822, huko Klütz katika nchi ya Ujerumani, alionekana korongo mweupe mwenye mshale uliompenya shingoni. Mshale huo ulikuwa wa mti wa Afrika. Korongo huyo alikuwa amepigwa huku kwetu, hakufa, akaruka na mshale wake mpaka kwao. Hapo watu wakafahamu: kumbe korongo huenda Afrika! Mwili wake umehifadhiwa hata leo katika chuo kikuu cha Rostock. Fikirini jambo hili. Habari hiyo kubwa haikupelekwa na mtaalamu, ila na mwindaji wa Afrika ambaye jina lake hatulijui, naye alikuwa akitafuta nyama tu. Na njia iliyoipeleka ilikuwa njia ya maumivu.

Baadaye mtu mmoja alitafuta njia isiyoumiza. Hans Christian Mortensen alikuwa mwalimu wa shule katika mji wa Viborg, nchi ya Denmark. Mwaka 1890 alijaribu kuwavika ndege pete za zinki, akaona ni nzito, zinawasumbua. Hakuendelea. Alingoja mpaka akapata madini mepesi, yaani alumini, na mwaka 1899 akawavika pete ndege 165, kila pete ikiwa na namba na mahali pa kupeleka habari. Tangu hapo kazi hiyo ilienea. Mwaka 1911 Mwingereza John Masefield alimvika pete mbayuwayu nyumbani kwake katika jimbo la Staffordshire. Mwezi wa Desemba 1912 ndege huyo alishikwa katika shamba moja la Natal, Afrika ya Kusini. Ndege mwenye uzito wa gramu ishirini hivi, kama vijiko vinne au vitano vidogo vya sukari, alikuwa amevuka bahari, jangwa na misitu akafika mwisho wa bara letu.

Afrika ya Mashariki nayo ina mahali panapojulikana kwa kazi hii, napo ni Ngulia, katika hifadhi ya Tsavo Magharibi, nchi ya Kenya. Tangu mwaka 1969, miezi ya Novemba na Desemba, usiku usio na mbalamwezi na wenye ukungu, ndege wasafiri huvutwa na taa za hoteli iliyo juu ya genge. Hunaswa katika nyavu nyembamba sana, huvikwa pete, huachwa. Wamekwisha kuvikwa laki kadhaa. Nyavu hizo zenyewe asili yake ni Japani, ambako watu walizitumia zamani kukamata ndege wa kula. Chombo ni kilekile, nia imebadilika.

NAMNA TATU ZA KUKAMATA

Yatupasa kupambanua, maana asiyepambanua huhukumu vibaya.

Namna ya kwanza ni kukamata ili kula. Kijana wa Kazimia anayetega kwale shambani au anayepaka ulimbo kwenye tawi ili apate kitoweo hafanyi dhambi. Mtu aruhusiwa kujilisha kwa wanyama. Lakini hata ruhusa hiyo ina mpaka. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, imo sheria ndogo ambayo wengi huipita bila kuitazama: ukikuta kiota njiani, na mama amelalia makinda au mayai, usimchukue mama pamoja na watoto; mwache mama aende zake. Ndiyo kusema, kula matunda, usikate shina. Yule mwenye njaa anaachiwa chakula, lakini hakuachiwa ruhusa ya kumaliza kila kitu.

Namna ya pili ni kukamata ili kumiliki: ndege wa kufungwa tunduni, kasuku wa kuuzwa ng'ambo, au ndege wa kuchezewa na watoto mpaka afe mkononi. Hapo hakuna njaa inayosukuma. Kuna tamaa, au kuna mchezo. Waalimu wa Kanisa tangu Mtakatifu Tomaso wa Akwino wamefundisha kwamba anayezoea kuwatesa wanyama hujizoeza ukali kwa watu. Na Katekisimu ya mwaka 1992 yasema waziwazi kwamba kuwatesa au kuwaua wanyama bila sababu ni kinyume cha heshima ya mtu mwenyewe. Angalieni vizuri: haisemi tu kwamba mnyama ameonewa; yasema kwamba mtu amejishusha.

Namna ya tatu ndiyo tunayoichungua: kukamata ili kujua. Hapa hakuna njaa, wala hakuna tundu. Kuna akili inayouliza. Na akili ni kipaji cha Mungu. Mtu wa kwanza alipewa kazi ya kuwapa wanyama majina, na hawezi kumpa kiumbe jina la kweli asiyemtazama. Lakini kipaji chaweza kutumiwa vibaya. Mtu aweza kupasua kiumbe hai kwa udadisi tu. Basi haitoshi kusema: «Nataka kujua», kana kwamba neno hilo lafungua kila mlango. Tuzisikilize hoja za wanaokataa.

HOJA YA KWANZA: PETE NI PINGU

Watu wa ziwa hili hawana budi kuwa wa kwanza kuitoa hoja hii. Babu zetu wa karne ya kumi na tisa waliona misafara ya watumwa ikishuka pwani na kuvushwa kwenda Ujiji, shingo katika kongwa na miguu katika minyororo. Kwa mtu aliyerithi masimulizi hayo, chuma mguuni si pambo. Ni alama ya kusema: «Huyu ni mali yangu.»

Nasi twajibu: hoja hii ina kweli ndani yake, lakini yahitaji kutazamwa mara ya pili. Pingu ya mtumwa ilikuwa na kazi mbili: kumzuia asiende, na kutangaza bwana wake. Pete ya ndege haimzuii kwenda. Ile ya ndege mdogo haifikii hata sehemu moja ya kumi ya gramu, na ikiwa inamzuia kuruka, basi imekosa kazi yake yote, kwa maana pete ni ya kujua ndege huruka mpaka wapi. Wala haitangazi bwana. Aliyemvika hataki arudishiwe ndege. Ataka arudishiwe habari.

Tena, namba yenyewe si mbaya wala njema. Watu wengi wa Fizi wanalijua jambo hili kuliko wataalamu. Vita vilipowatupa ng'ambo ya ziwa, tangu mwaka 1996, waliandikwa katika kambi ya Nyarugusu, kila jamaa na karatasi yake na namba yake. Kuitwa kwa namba kulimwuma mtu mzima aliyekuwa na nyumba, shamba na jina katika kijiji chake. Lakini asiyeandikwa hakupata unga. Namba ileile yaweza kuwa dharau au yaweza kuwa matunzo. Kinachoamua ni swali hili: aliyeandika namba, je, anafikiri kwamba amemaliza kukujua, au namba ni mwanzo wa kukuangalia?

Hata hivyo, kitu kimoja cha hoja hii chabaki kimesimama, wala tusikifiche. Ndege hakuulizwa. Mtu aweza kusema: mtoto naye haulizwi anapochomwa sindano ya surua. Ni kweli, lakini mfano haulingani. Mtoto huchomwa kwa faida yake mwenyewe. Mbayuwayu aliyevikwa pete hafaidiki lolote siku ile. Ameshikwa, ameogopa, amepoteza nusu saa ya kula. Faida, kama ipo, ni ya kabila lake lote na ya wanadamu. Mtu hawezi kutumiwa hivyo bila ridhaa yake, kwa sababu mtu si chombo cha mwingine. Ndege si mtu. Lakini pia si jiwe. Kwa kuwa hawezi kukataa, mzigo wa kujizuia wote umemwangukia yule aliyemshika.

HOJA YA PILI: WENGINE HUFA

Hoja hii ni ya kweli, na watu waaminifu wa kazi hii hawaikani. Mwaka 2012 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa juu ya vituo 22 vya Marekani na Kanada, kwa hesabu ya ndege zaidi ya laki sita walioshikwa nyavuni. Ikaonekana kwamba katika kila ndege 1,000, wawili hivi walikufa na sita hivi waliumia.

Ni wachache. Lakini je, uchache wafuta kosa? Hapana. Kama wawili wangeweza kuokolewa kwa kutembelea nyavu mapema zaidi, au kwa kuzikunja mvua inapokuja, basi kufa kwao ni uzembe, hata wakiwa wawili tu. Kama kila uangalifu ulifanywa, hapo ni ajali ambayo mtu hakuitaka wala hakuipuuza. Maadili hayahesabu maiti tu. Yahesabu pia uangalifu. Na jambo la kusifiwa katika uchunguzi huo ni kwamba watu walihesabu makosa ya kazi yao wenyewe na kuyatangaza. Ni wangapi kati yetu, tuwe waganga, walimu au wenye vyombo vya ziwani, tunaoandika daftari la madhara tuliyoyasababisha?

Hapa yafaa kuwaambia habari iliyo karibu nasi. Katika milima ya Itombwe, mwaka 1951, alipatikana bundi mmoja asiyejulikana na wataalamu popote. Aliletwa kwa Alexandre Prigogine, mtu wa elimu ya kemia aliyekaa Kongo miaka mingi na kukusanya ndege. Bundi huyo alikuwa maiti. Akapewa jina lake Prigogine. Kwa miaka arobaini na zaidi hakuna mtaalamu aliyemshika mwingine. Elimu yote juu yake ilitoka katika ngozi moja iliyokauka. Kisha mwaka 1996 wachunguzi, na Wakongo wakiwa miongoni mwao, walimnasa bundi wa aina hiyo katika wavu huko huko Itombwe. Walimpima, wakampiga picha, wakamwachilia.

Tuwapime watu hawa wa nyakati mbili. Hatuwezi kuwahukumu wale wa 1951 kama wauaji, maana siku zile ndiyo njia iliyojulikana ya kuthibitisha ndege mpya, na bila ngozi ile wa 1996 wasingejua wanamtafuta nani. Lakini mtu akiisha kupata njia ya kujua bila kuua, hawezi tena kujitetea kwa desturi ya zamani. Njia njema ikiwepo, ile mbaya haina udhuru tena. Hii ni kanuni ya maisha yote, wala si ya ndege tu: aliyeweza kumrudi mtoto kwa maneno, fimbo yake haina udhuru.

HOJA YA TATU: NDEGE WAHESABIWA, WATU JE?

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, nami naijua inavyosikika katika masikio ya mtu wa Kazimia. Sensa ya mwisho ya watu wote wa Kongo ilifanyika mwaka 1984. Tangu hapo wamezaliwa watu, wamekua, wameoa, wameuawa vitani, wamezama ziwani, na hakuna hesabu kamili ya taifa iliyowaandika. Na huku, mbayuwayu aliyezaliwa katika zizi la ng'ombe huko Ulaya anayo namba yake mguuni, na kituo kinachongoja habari zake! Vituo vya Ulaya vimeungana tangu mwaka 1963 katika chama kiitwacho EURING ili habari ya pete moja isipotee. Mama aliyempoteza mwanawe barabarani wakati wa kukimbia, nani anangoja habari za mwanawe?

Mtu asiyeona uchungu kwa swali hilo hana moyo. Lakini tuangalie uchungu huo unatupeleka wapi. Waweza kutupeleka kusema: basi acheni ndege, hawana maana. Je, mbayuwayu wasipohesabiwa, ndipo watoto wetu watahesabiwa? Hata kidogo. Pete na daftari la ndege havikuchukua fedha ya sensa ya Kongo. Aliyewasahau watu hakuwasahau kwa kuwa alikuwa akiwakumbuka ndege.

Kumbukeni jinsi Bwana wetu alivyofundisha juu ya shomoro wauzwao kwa senti chache sokoni. Hakusema kwamba shomoro ni bure. Alisema kwamba hakuna hata mmoja wao aliyesahauliwa na Mungu, na halafu akaongeza kuwa ninyi mwawapita shomoro wengi kwa thamani. Fuateni hatua za hoja hiyo. Yaanza chini, yapanda juu: kama aliye mdogo hasahauliwi, sembuse aliye mkubwa. Ukiiondoa ngazi ya chini, ukisema shomoro hana thamani yoyote, huwezi tena kupanda. Kumpita asiye na thamani si sifa. Hata jongoo aweza kulipita jiwe. Thamani ya mtu haiongezeki kwa kumdharau ndege. Yaonekana zaidi pale ndege naye anapoheshimiwa.

Basi jibu letu kwa hoja ya tatu si kumnyang'anya ndege daftari lake. Ni kulichukua daftari hilo na kuliweka mbele ya wakubwa, tukisema: Mabwana, mwaona yawezekana. Kiumbe wa gramu ishirini, asiye na serikali wala mpaka, afuatwa kwa miaka na watu wenye subira. Msituambie tena kwamba watu wa vijijini hawawezi kuhesabiwa kwa sababu njia ni mbaya.

MASHARTI YA HAKI

Tukusanye sasa tuliyoyapata. Kumkamata kiumbe ili kumjua ni haki, ikiwa masharti manne yatatimizwa.

Kwanza, swali liwe la kweli. Mtu ajue anatafuta nini, na habari hiyo isiwe imekwisha kujulikana kwa njia nyingine. Kukamata kwa kujionyesha au kwa kuongeza hesabu tu si elimu.

Pili, maumivu yawe kidogo iwezekanavyo, na mtu awe tayari kuacha, kama Mwalimu Mortensen alivyoziacha pete za zinki. Aliyejifunza kazi na awashike ndege, asiyejifunza asiguse.

Tatu, mkono ufunguke. Jambo hili ndilo linalotofautisha elimu na umiliki. Anayesema kwamba anampenda ndege lakini hawezi kumwacha aende, anajipenda mwenyewe.

Nne, matunda yarudi. Yarudi kwa ndege kwa kulindwa, na yarudi kwa watu wa mahali aliposhikwa. Sharti hili la nne ndilo lililosahauliwa mara nyingi katika Afrika. Wengi wamekuja, wameandika, wameondoka, na mwenyeji aliyebeba mizigo hakusoma hata ukurasa mmoja. Elimu iliyochukuliwa kwetu bila kurudishwa kwetu inafanana na deni.

Mfano wa matunda kurudi upo. Katika jimbo la Nagaland, nchi ya India, kando ya bwawa la Doyang, watu wa vijijini walikuwa wakiwanasa kwa nyavu za samaki kozi wa Amur, ndege wanaotoka Asia ya kaskazini na kupita India kwa makundi makubwa. Mwaka 2012 walioangamizwa walikadiriwa kuwa zaidi ya laki moja katika msimu mmoja. Habari ikaenea, watu wakaona haya. Wazee wa vijiji, makanisa na serikali wakapatana, na mwaka 2013 mauaji yakakoma. Mwaka huohuo ndege watatu walifungwa vyombo vidogo vya kuonyesha njia yao, wakapewa majina ya huko: Naga, Wokha na Pangti. Wanakijiji wakasikia kwamba ndege aitwaye kwa jina la kijiji chao amevuka bahari mpaka Afrika. Hapo yule aliyekuwa nyama akawa kama mjumbe wao. Lakini tusisahau kwamba kwa wavuvi wale ndege walikuwa fedha. Anayemwambia maskini «acha» bila kumwuliza atakula nini amefanya nusu ya haki, na nusu ya haki huchosha upesi.

NA SISI JE?

Pengine mtu atasema: mambo haya ni ya mbali. La, si ya mbali. Upande wa kusini mwetu imesimama milima ya Kabobo, ambamo Prigogine alimtambulisha mwaka 1955 ndege mdogo wa msituni, Apalis kaboboensis, aliyepewa jina la mlima huo na asiyejulikana penginepo duniani. Huyo hasafiri. Akiisha Kabobo, ameisha dunia nzima. Na wasafiri nao wapita juu ya mashamba yetu kila mwaka. Kwa hiyo nawaomba mambo matatu.

La kwanza ni kwa vijana wenye manati. Ukiwinda kwa ajili ya chungu, winda. Lakini usimpige mama aliye kiotani, wala usimpige ndege ili kuona tu kama utampata. Na ninyi wazazi, msiwaache watoto wamfunge ndege uzi mguuni na kumvuta siku nzima. Uzi ule ni pingu ya kweli, maana hauna swali la kuuliza wala mkono utakaofunguka.

La pili ni juu ya hofu. Mtu akimwona ndege mwenye pete au chombo mgongoni, katika nchi iliyochoshwa na vita kama yetu, upesi atasema ni uchawi au ujasusi. Msidhani kwamba ni watu wa kwetu tu. Mwaka 2013, katika nchi ya Misri, korongo mwenye chombo mgongoni alikamatwa na kupelekwa polisi akishukiwa kuwa jasusi. Ikaonekana kwamba ni chombo cha wataalamu wa ndege. Vivyo hivyo bundi: si mjumbe wa wachawi. Ni ndege anayekula panya waharibifu wa ghala zetu.

La tatu ni jambo la kutenda. Ukimpata ndege mwenye pete akiwa mzima, usiivue. Soma jina la kituo na namba, andika siku na mahali, mwache aruke. Ukimkuta amekufa, andika vivyo hivyo, na habari uipeleke kwa mwalimu au paroko, au mtu mwenye simu ya intaneti, ili ifike kituo kilichoandikwa. Kijana akimwuliza babu yake: «Babu, tutapata faida gani?», babu na amjibu: «Mjukuu wangu, kuna mtu mbali aliyemwachilia ndege huyu, naye hajui kama alifika. Wewe unajua.» Kumwambia mtu habari ya kweli anayoingoja ni tendo la haki, hata kama hatakujua jina.

Nabii Yeremia alistaajabu kwamba korongo, njiwa na mbayuwayu wanazijua nyakati zao za kuja na kwenda, na watu hawaijui hukumu ya Mungu. Ndege wamekwisha kuifanya sehemu yao bila kufundishwa. Sehemu yetu ni kumshika aliye dhaifu kwa sababu ya haki tu, kwa muda mfupi tu, na kumwachilia akiwa mzima. Anayeweza kufanya hivyo kwa ndege aanze basi kwa mfanyakazi wake, kwa mtoto yatima aliye nyumbani mwake, na kwa mkimbizi aliyeandikwa namba. Maana hao wawapita mbayuwayu wengi kwa thamani.